Uso wa Mkuu Kwenye Kompyuta Tisa

Kazi yake ilikuwa kuandika watu waliozaliwa na watu waliokufa. Waliozaliwa walikuwa dirisha la kwanza, waliokufa dirisha la pili, na yeye alikaa katikati, kwenye kiti cha magurudumu ambacho gurudumu moja lilishavunjika, hivi kwamba akitaka kuwageukia wafu ilimbidi ashike meza kwanza. Ofisini walimwita Mama Chapa, kwa jinsi vidole vyake vilivyokimbia juu ya kibodi. Cheti kilichotoka mkononi mwake hakikuwa na kosa hata la nukta. Watu waliacha madirisha ya wengine yasiyo na foleni wakaja kujipanga kwake. "Huyu mama hakosei jina la mtoto," walisema.

Kwa miaka tisa alikuwa mfanyakazi wa muda. Kila mwisho wa mwaka alitia saini karatasi ya mwaka mwingine, akaambiwa ya kudumu iko njiani. Mwenyewe aliligeuza kuwa utani. "Mimi hapa ni mgeni wa kudumu," aliwaambia wenzake, nao wakacheka, naye akacheka nao, halafu akarudi kwenye wafu.

Nyumbani alikuwa na mume, fundi cherehani, mwanamume mpole aliyependa kuimba nyimbo za sifa huku mguu uko kwenye pedali. Mtoto wa jicho alikuwa amemwingia macho yote mawili. La kulia lilishafunga kabisa, la kushoto lilikuwa kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Daktari alisema ugonjwa huo unaondoleka, tena haraka, ila usiachwe sana. Wafanyakazi wa kudumu walikuwa na kadi ya matibabu, na kadi hiyo ilimbeba mke au mume. Wa muda hawakuwa nayo. Ndiyo maana Mama Chapa aliposema "ajira" katika sala zake, Mungu alijua anaomba macho ya nani.

Kila asubuhi kabla ya kutoka, alimtungia mumewe uzi kwenye sindano kumi. Tatu nyeusi, tatu nyeupe, mbili kahawia, moja ya buluu, moja ya kijani. Alizichomeka kwenye mto mdogo kwa mpangilio uleule usiobadilika, ili mzee wa watu azipate kwa kupapasa. Zikiisha kabla mkewe hajarudi, basi kazi ya mkono imesimama mpaka jioni.

Siku moja zililetwa kompyuta mpya tisa. Watu walirarua maboksi kama watoto, wakachukua mashine, wakatupa vijitabu vya maelekezo. Mama Chapa aliokota kimoja kwenye pipa. Shule yake iliishia darasa la saba, na baada ya hapo miezi sita ya kujifunza kupiga chapa, lakini maandishi aliyaheshimu. Kijitabu kilikuwa na lugha nyingi, na Kiswahili kilikuwamo, huko mwishoni. Alikisoma wakati wa chakula cha mchana kwa muda wa mwezi mzima, kidole chini ya mstari. Palipoandikwa "fanya hivi" alifanya. Palipoandikwa "usifanye" hakufanya. Na kurasa mbili za mwisho, zenye michoro ya ndani ya mashine, zilizoandikwa juu yake "Kwa mafundi tu", alizifunga bila kuzisoma, maana yeye si fundi.

Humo ndimo alimojifunza jambo ambalo hakuna mwingine ofisini aliyelijua. Kompyuta ukiiwasha, kabla haijaamka sawasawa, hutoa kwanza nembo ya kiwanda kilichoitengeneza. Kumbe nembo hiyo unaweza kuitoa na kuweka picha yako. Unaipunguza picha iwe ndogo sana, unaitia kwenye flashi, unaizima mashine, unaiwasha tena huku unagonga kitufe fulani upesiupesi mpaka ukurasa wa mipangilio ya ndani utokee, basi unaichagua.

Alichukua picha ya marehemu mama yake, ile ndogo ya kitambulisho. Mama kajifunga kitambaa kichwani, uso umekunjamana kama anayemwuliza mpiga picha kama ameshamaliza. Alijaribu mara nne ikakataa, kila mara kwa kuwa picha ni kubwa. Mara ya tano kioo kiliwaka, na mama yake akamtazama. Mama Chapa alishika mdomo.

Jioni alimsimulia mumewe. Mumewe akasimamisha pedali.

"Yaani mama mkwe yuko kazini?"

"Yuko. Ananipokea kila asubuhi."

"Haki ya Mungu, ameajiriwa kabla yako!"

Walicheka mpaka mume akafuta macho yake yenye ukungu.

Hazikuisha wiki mbili, mkuu wa ofisi akaiona. Huyu aliitwa Mzee Tai akishawapa kisogo, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona shingo. Hata siku ambazo joto liliwafanya watu wajipepee kwa mafaili, tai ilikuwa imekaza. Alipita asubuhi wakati Mama Chapa anawasha mashine, akasimama nyuma ya kiti.

"Huyo nani?"

"Shikamoo, Mkuu. Ni marehemu mama yangu."

"Ameingiaje humo?"

Akamweleza. Mzee Tai alisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

"Weka yangu," akasema.

"Kwenye mashine yako, Mkuu?"

"Kwenye zote. Mtu akiwasha kompyuta ya serikali ajue iko chini ya nani." Akatembea hatua mbili, akarudi. "Na ile barua yako ya ajira ya kudumu, nimeikumbuka. Iko mezani kwangu. Hii ikiisha naisaini."

Alileta picha aliyopigwa studio, tai nyekundu, kidevu juu. Chini yake alitaka maneno: KARIBU KAZINI. MIMI MKUU WENU. Mama Chapa alifanya kazi siku mbili, kwa mikono ileile isiyokosea, mashine nane. Ya tisa ilikuwa yake. Aliitazama picha ya mama yake kwa muda kidogo, akamwambia polepole, "Pisha, mama, ni kwa ajili ya mkweo," akaweka uso wa Mkuu.

Ilipokwisha, Mzee Tai aliuliza: "Je, mtu akitaka kunitoa?"

"Akijua njia, atakutoa. Labda uweke paswadi, maana mipangilio ya ndani ina paswadi yake."

"Naiweka mwenyewe. Wewe geuka."

"Nigeuke?"

"Ukutani. Siri ni siri."

Mama Chapa, mwanamke wa miaka hamsini na tatu, bibi wa wajukuu wawili, aligeukia ukuta kama mtoto aliyepiga kelele darasani. Nyuma yake akasikia kidole kimoja cha Mkuu kinatafuta herufi. Ta. Ta. Kimya. Ta. Mashine tisa, mara tisa aligeukia ukuta. Tarishi, mzee aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, aliingia na mafaili, akamkuta hivyo, akajifanya anakohoa ili asicheke.

Tangu siku hiyo ofisi ilipata jipya la kusema. Umeme ulikuwa wa kukatikakatika, na kila uliporudi, nyuso tisa za Mkuu ziliwaka kwa pamoja, tai tisa, videvu tisa. Tarishi akawa anapaza sauti kule koridoni: "Simameni, Mkuu amefufuka!" Mama Chapa alimkemea, maana hilo si neno la kuchezea, ingawa na yeye ilibidi ainame chini ya meza kama anayeokota kalamu.

Barua haikutoka. Alipoulizia mara ya kwanza aliambiwa iko mezani. Mara ya pili, iko mezani lakini kuna watu wa juu. Mara ya tatu Mzee Tai alimtazama kama mtu aliyeshamaliza shida yake. "Mama, una haraka ya nini? Si unakula?"

Kisha malalamiko ya wananchi yakawafikia hao watu wa juu, na Mzee Tai akapumzishwa kazi kabla ya siku zake. Aliondoka Ijumaa na boksi moja. Jumatatu akaja mkuu mpya, mwanamke wa makamo, mkavu wa maneno, mwendo wa haraka. Alisalimia watu wote kwa kuwashika mkono. Akaingia ofisini kwake, akafunga mlango, akawasha kompyuta.

Mlango ulifunguliwa tena.

"Ni nani huyu anayenikaribisha kwenye ofisi yangu?"

Umeme nao, kama umetumwa, ukakatika ukarudi. Zile nane za nje zikawaka. Mkuu mpya alizitazama moja baada ya nyingine, taratibu, kama anayehesabu maadui.

"Nani aliziweka?"

Mama Chapa alisimama. "Mimi, Mkuu. Niliagizwa."

"Basi zitoe."

"Siwezi. Kuna paswadi, na aliiweka mwenyewe."

Mkuu mpya alivua miwani. "Ijumaa nina wageni kutoka makao makuu. Sitaki wamkute mtu huyu anawasalimia. Una siku nne. Na mama, nimeambiwa unangoja barua ya ajira. Nimefungua kila droo. Hakuna barua. Hakuna hata karatasi iliyoanzwa. Nisaidie hili, na mimi nitaangalia."

Usiku huo hakumwambia mumewe habari ya droo. Alimwambia tu kwamba kuna nafasi imefunguka.

Jumatano baada ya kazi alikwenda kwa Mzee Tai. Nyumba nzuri, viti vimefunikwa vitambaa vyeupe, na ukutani picha ileile ya studio. Mwenyewe alikuwa amevaa ndala, suruali ya nyumbani, na tai.

"Mama Chapa! Karibu, karibu. Wanasemaje huko?"

Alimweleza kwa adabu, kuanzia kwa wageni mpaka siku alizopewa. Aliposema kwamba picha bado ipo, Mzee Tai alisogea mbele ya kiti.

"Bado wananiona?"

"Kila asubuhi, Mkuu. Na kila umeme ukirudi."

"Umeme unakatika sana siku hizi?"

"Sana."

Mzee Tai aliegemea nyuma akacheka, kicheko kirefu cha mtu aliyeletewa habari ya mtoto wake kufaulu. "Na huyo mama mpya naye ananiona?"

"Anakuona wa kwanza."

Akacheka tena. Mama Chapa alingoja kicheko kiishe.

"Mkuu, naomba hiyo paswadi. Ajira yangu iko hapo. Mume wangu haoni."

"Pole sana. Waambie nimesahau."

"Umesahau kweli?"

"Waambie nimesahau, mama. Mtu mzima kusahau si kosa."

"Na ile barua yangu? Ulisema iko mezani."

"Niliyoyaacha mezani ni ya aliyekalia meza. Kamwulize yeye."

Mke wa Mzee Tai alimsindikiza mpaka getini. Alimshika mkono, akasema kwa sauti ya chini: "Usimchukie, mwenzangu. Tangu amerudi nyumbani simu yake haijalia. Anaishika siku nzima, anaiangalia kama ina chaji. Wewe ndiye mgeni wa kwanza."

Maneno hayo ndiyo yaliyomponza. Njia nzima aliyabeba. Moyo wa mtu anayesali una udhaifu wake, na wa kwake ulikuwa huu: hakuweza kumvua nguo mtu aliyekwishaanguka. Alijiambia, nikisema amekataa, nitakuwa nimemtangaza mzee wa watu. Nikisema amesahau, nani ataumia?

Alhamisi asubuhi alisimama mbele ya meza ya mkuu mpya.

"Nimekwenda kwake. Anasema amesahau."

"Amesahau?"

"Ndiyo, Mkuu."

Mkuu mpya hakubishana. Alichukua simu, akatafuta namba, akaiweka mezani ili sauti itoke nje. Tarishi alikuwa mlangoni na mafaili ya kusainiwa. Simu ililia mara moja tu ikapokelewa, kama iliyokuwa mkononi tayari.

"Hebu nisaidie, mzee wangu," mkuu mpya alisema. "Paswadi ya hizi kompyuta."

"Paswadi?" Sauti ya Mzee Tai ilijaza chumba. "Binti yangu, mimi kompyuta hata kuiwasha nawashiwa. Mwulizeni huyo Mama Chapa. Ndiye aliyeleta mambo ya mapicha. Alianza na la mama yake mzazi, kwenye mali ya umma, nikamkanya."

Simu ilikatwa. Nje mtu aliita jina la mtoto wake dirishani, herufi moja moja, ili liandikwe sawa.

"Mama," mkuu mpya alisema, "uliniambia amesahau. Anayesahau ni yule aliyekuwa anajua. Yeye anasema hajawahi kujua. Nimshike nani?"

"Anajua, Mkuu. Hakusahau. Hapo nilidanganya."

"Ulidanganya."

"Nilimwonea huruma."

"Kwa hiyo mwanzo ulikuwa uongo wa huruma, sasa ni ukweli wa nini?"

Mama Chapa alimgeukia Tarishi. Tarishi alimwona akiwa ameelekezwa ukutani. Alimwona, akakohoa. Katika mara tisa zile, angalau moja alikuwapo.

"Mzee, wewe si uliniona? Siku ile alipoweka paswadi, si nilikuwa nimegeuzwa?"

Tarishi alitazama mafaili. Alitazama ukurasa wa juu wa faili la juu kana kwamba jina lake limeandikwa pale. "Mimi, Mkuu," akasema, "habari za kompyuta sizijui. Mimi ni wa makaratasi."

Mwaka mmoja alibakiza. Mama Chapa alimwelewa, na kumwelewa kulimwuma kuliko kama angemchukia.

Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi huo. Mkuu mpya alisema, bila kelele, kwamba hautaandikwa mwingine. "Sina ugomvi na wewe. Kazi unaijua. Lakini hapa tunaandika vyeti, mama. Mtu wa vyeti nikishamtilia shaka neno lake moja, na yale mengine nitayafanyaje?"

Hilo lilimchoma pahali ambapo hata Mzee Tai hakupafika. Miaka tisa hakukosea jina la mtoto.

Mchana uleule aliitwa fundi kutoka mjini, mwanamume mwenye kipara na begi la ngozi. Alilaza mashine ya kwanza ubavu, akafungua skrubu mbili, akatoa humo ndani kibetri kidogo, bapa, kinacholingana na kifungo cha koti. Akakiweka kiganjani. Akangoja kidogo huku akimtania msichana wa dirisha la jirani. Akakirudisha.

"Tayari. Paswadi imekwenda na maji."

Mama Chapa alikuwa anakusanya vitu vyake kwenye mfuko: kikombe, kitana, kitambaa cha kufutia meza. "Ndiyo hivyo tu?" akauliza.

"Ndiyo hivyo tu, mama. Hata kwenye kijitabu imeandikwa. Kurasa za mwisho."

Mama Chapa alikuwa nacho mfukoni mwa mkoba wake. Alikitoa, akafungua zile kurasa mbili alizozifunga kwa heshima. Mchoro wa kibetri ulikuwapo, na mshale juu yake, na chini maneno ya Kiswahili yasiyo na ugumu wowote. Alisoma kidole chini ya mstari mpaka mwisho, akakifunga.

Fundi alikwenda mashine kwa mashine, akimwondoa Mzee Tai. Hazikufika dakika kumi kwa kila moja. Alipofika kwenye ya Mama Chapa alisita.

"Humu kuna na picha nyingine, ya bibi mmoja kajifunga kitambaa. Ya nani?"

"Ya mama yangu."

"Nimrudishe pale mwanzo? Naona ndiye alikuwapo kabla."

Alitazama kioo. Mama yake alikuwa mdogo pale pembeni, ukubwa wa kucha, bado amekunja uso.

"Mfute," akasema. "Na yeye mkataba wake umeisha."

Fundi alidhani ni utani, akacheka.

Wageni walikuja Ijumaa. Kompyuta ziliwashwa, zikatoa nembo ya kiwanda, hakuna aliyezitazama. Mwezi uliofuata yule fundi mwenye kipara alipewa kazi pale ya kuangalia mashine, ajira ya kudumu. Tarishi ndiye aliyekuja nyumbani kuisimulia, na kilo mbili za sukari mkononi, akakaa ukingoni mwa kiti, hakumaliza chai. Wakati wa kuondoka alisema, "Mama Chapa, nisamehe."

"Nimekusamehe," alimjibu. Na alikuwa amemsamehe kweli, Mungu shahidi. Ila hakusimama kumsindikiza.

Mumewe alikuwa amesikia yote kutoka kwenye cherehani. Alingoja hatua za mgeni zipotee.

"Na mama mkwe naye wamemfukuza?"

"Naye."

"Hata yeye hawakumpa kiinua mgongo?"

Alitaka mkewe acheke, naye alijaribu, kwa ajili yake. Hakikutoka kitu.

Jicho la kushoto lilifunga kabla ya mwaka kuisha. Halikufunga siku moja, lilikuwa linaaga. Kwanza rangi za nyuzi, kisha mlango, kisha uso wa mkewe. Siku hizi hazitungwi sindano kumi tena. Haina haja. Mto mdogo umebaki na sindano moja tu, na ikiisha uzi mume ananyoosha mkono pembeni, bila kugeuka, akiishika sindano kwa vidole viwili.

"Upo?"

"Nipo."

"Nitungie nyeusi."

Mkewe anaichukua, analowesha ncha ya uzi mdomoni, anaupitisha mara moja bila kukosea. Kisha anamrudishia mkononi, anakaa tena pale pembeni, na kungoja uzi umalizike.